Niliitikia kwa kichwa, wakaandika nimekiri

Ukiishi na masikio kama yangu utajifunza mapema kuitikia kwa kichwa. Mtu anakusemesha, umeambulia neno moja kati ya matano, umeshamuuliza "eti?" mara mbili na uso wake umeanza kukunjamana. Ya tatu unaona haya. Basi unatabasamu, unaitikia kwa kichwa, naye anaondoka ameridhika. Mara nyingi hapaharibiki kitu. Utakuta tu umekubali kuchangia harusi ya mtu usiyemjua, au umenunua fungu la dagaa ambalo hukulitaka. Lakini mwaka wangu wa kwanza chuoni niliitikia kwa kichwa mbele ya watu saba waliokaa nyuma ya meza ndefu, na hilo bado liko kwenye cheti changu cha matokeo, herufi C.

Mimi ni wa Makorora, hapa Tanga mjini. Nilisikia kama watoto wengine mpaka darasa la tatu, homa ya uti wa mgongo iliponilaza Bombo. Nilipona, nikarudi nyumbani, mama akawa ananiita kutoka uani na mimi nimekaa sebuleni nachora. Alidhani nina kiburi cha ugonjwa. Siku ya nne ndipo alipoangusha sufuria nyuma yangu makusudi, akaona sikugeuka.

Kwa kuwa nilishajua kusema kabla ya kuugua, naongea kama Mtanga yeyote, kwa mikogo yake yote. Hiyo ndiyo iliyoniponza. Watu wanauamini mdomo wangu kuliko masikio yangu. Lugha ya alama sikuwa naijua, shule nilisoma za kawaida, nikakaa mstari wa mbele nikisoma midomo. Kusoma midomo si uchawi, ni kubahatisha kwa akili. Simama mbele ya kioo useme "baba", kisha "mama", kisha "papa", bila sauti. Umeona? Midomo inafunguka na kufunga vilevile. Mtu akinambia kuna aliyeleta papa, sijui kama ni baba kaleta papa au mama kaleta baba, mpaka niangalie kama kuna samaki.

Nilipofika kidato cha tano nikapata mashine ya sikio, moja, ya upande wa kushoto. Betri zake ni vidonge vyenye kibandiko cha bluu, namba 675. Ukibandua kibandiko unasubiri kama dakika moja hewa iingie, ndipo unaifungia ndani. Joto na unyevu wa Tanga ni adui yake, kwa hiyo usiku inalala kwenye kopo pamoja na mchele mkavu. Watu wanadhani mashine ya sikio ni kama miwani, unavaa na mambo yananyooka. Sivyo. Inakuza kila kitu: mwalimu, pangaboi, kiti kinachoburutwa, mtu anayefungua pakiti ya karanga nyuma yako. Mbali ya hatua mbili tatu, sauti ya mtu inazama kwenye vurugu hilo.

Na mtandio unaificha vizuri kabisa.

Oktoba 2017 nikapanda basi Kange kwenda chuo cha mkoa mwingine, ambacho sitakitaja. Kwenye fomu ya usajili palikuwa na swali: je, una ulemavu wa aina yoyote? Ndiyo, Hapana. Mama alikuwa amenionya kabla sijaondoka: "Usijitie doa mapema, mwanangu. Waache wakujue kwanza." Sikuwa na ubishi. Nilichukua kalamu nikatia alama kwenye Hapana, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaenda kutafuta chumba.

Ukumbi wa mihadhara ulichukua watu mia tatu. Mwalimu anaingia, anauliza, "Nasikika huko nyuma?" Wanaosikia wanajibu ndiyo kwa pamoja, kipaza sauti kinabaki mezani. Nimewaza sana juu ya swali lile. Asiyesikia atalijibu vipi? Halafu somo lenyewe ni la Kiingereza. Midomo ya Kiswahili naijua tangu utotoni. Kiingereza nilikipata vitabuni, na vitabu havina midomo. Mwalimu akichanganya lugha mbili kwenye sentensi moja, nilikuwa nikiachwa kituoni.

Nilinusurika kwa noti za wenzangu. Nilikuwa nakopi usiku daftari za wasichana wawili wa chumbani, nikiwaambia mwandiko wangu mbaya. Ndiyo, niliwadanganya na wao.

Januari 2018 tulikuwa na testi ya alama 15 siku ya Alhamisi. Alhamisi hiyo nilifika mapema, kalamu mbili, kitambulisho, mtandio umepigwa pasi. Ukumbini palikuwa na mama mmoja anafagia. Aliniangalia, akasema kitu, nikaitikia kwa kichwa. Nikakaa. Nilikaa kama nusu saa. Testi ilikuwa imefanyika Jumanne. Mwalimu alitangaza mabadiliko hayo wiki iliyotangulia, mwisho wa kipindi, uso wake ukiwa ubaoni anafuta.

Nilimfuata ofisini. Akanijibu kwamba tangazo lilitolewa, watu mia tatu wamelisikia, kwa nini mimi nisilisikie? Hapo ndipo nilipaswa kuufungua mtandio. Sikuufungua. Nikasema nilikuwa naumwa. Akataka karatasi ya hospitali, sikuwa nayo.

Simlaumu sana. Hakujua, na asiyejua hawezi kugeuza uso. Nilichokuja kukasirikia baadaye ni kilichofuata.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na 39. Ufaulu ulikuwa 40. Alama moja, na kwenye kosiweki, yaani alama za kazi za muhula, kuna sifuri ya ile testi ya alama 15. Nikaona bora aibu kuliko sapu, mtihani wa marudio. Nikaenda idarani kusema ukweli. Katibu alikuwa nyuma ya kioo chenye kitundu cha kupitishia karatasi, akaniambia niende mahali, nikaenda pasipo. Siku mbili nilizunguka majengo, kila mtu ananielekeza kwa mdomo. Mwishoni kijana wa serikali ya wanafunzi akanitolea simu na kuniandikia: andika barua ya malalamiko, peleka masjala.

Niliandika kurasa nne. Za machozi. Nilianza na sufuria ya mama, nikapitia homa, nikafika kwenye testi ukurasa wa tatu karibu na mwisho. Sikutaja nataka nifanyiwe nini. Tarehe sikuweka. Nakala sikubaki nayo.

Kamati ikaniita Aprili. Chumba kidogo, dirisha moja, pangaboi mbili zinazunguka kwa hasira, na wajumbe wamelipa dirisha mgongo, kwa hiyo nyuso zao zilikuwa vivuli. Mwenyekiti alikuwa na tabia ya kushika kidevu na vidole kufunika mdomo. Mjumbe mmoja alisema huku anasoma fomu yangu ya usajili, na nilijua amefika wapi maana aliinua karatasi na kuigonga gonga kwa kalamu pale kwenye Hapana. Wakawa wanauliza kwa zamu. Ninageuka huyu, kumbe anayesema ni yule. Nilikuwa nimeshasema "samahani, mheshimiwa?" mara nne. Mwenyekiti akaondoa vidole mdomoni, akasema jambo, akatabasamu kidogo kama anayetaka kunisaidia. Nikaona ni vema kushukuru. Nikaitikia kwa kichwa.

Barua ya uamuzi ilitoka Mei. Kwamba ilikuwa tayari, nasikia niliambiwa. Kwa mdomo, tena. Nilikuja kuipata Juni tunafunga chuo, nikaitia begini bila kuisoma vizuri, nikaja nayo nyumbani.

Sasa, jirani yetu Makorora alikuwepo babu mmoja, marehemu hivi sasa, aliyekuwa karani miaka mingi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba yake aliletwa huku kutoka bara akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Babu alikuwa anakula tambuu tangu asubuhi mpaka usiku, lakini akiniona naingia uani kwake alikuwa anafanya mambo matatu bila kuambiwa na mtu: anatema tambuu, anafuta mdomo, anavuta kigoda chake mpaka mwanga umpige usoni. Ndipo anasema, "Marahaba, mjukuu wangu." Hakuwahi kusoma sera yoyote ya ulemavu. Kama kuna mtu anataka nimweleze kwa mfano mmoja marekebisho ninayoyadai ni kitu gani, ni kile kigoda.

Nikampa barua. Akaisoma taratibu kwa miwani yake, akarudi juu, akasoma tena. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Ulisema kwamba mlalamikaji mwenyewe, alipoulizwa mbele ya kamati kama alifahamu kuwa tarehe ya testi imebadilishwa, alikiri.

"Ulikiri?" babu akauliza.

Nilichukua muda kukumbuka. Vidole, kidevu, lile tabasamu.

"Niliitikia kwa kichwa, babu. Sikusikia alichosema."

Hakucheka, wala hakunipa pole. Aliuliza nakala ya barua niliyopeleka iko wapi. Sina. Muhuri wa kupokelewa? Sina. Akaangalia kalenda ya ukutani. Kanuni zetu zilitoa siku 14 za kukata rufaa tangu tarehe ya barua. Zilishapita zamani.

Ndipo aliponisimulia habari za kipande, kadi ya kazi ya mashambani. Wakati wa baba yake, kibarua wa mkonge alikuwa na kadi yenye nafasi za siku 30, na alitakiwa azimalize ndani ya siku 42 ndipo alipwe. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anatia alama. Akisahau, akikuchukia, au ukiondoka kabla hajafika kwako, siku ile hukuifanya. Unaweza kuonyesha mikono iliyochanwa na miiba. Mikono haina nafasi kwenye kadi. "Wewe umekwenda kwao na mikono," akaniambia.

Sapu niliifanya Septemba nikafaulu, lakini pale kwetu sapu hata ukipata alama tisini inaandikwa C.

Likizo ile nilishinda maktaba ya mkoa na kwenye simu, nikisoma. Nilijua ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, sikuwahi kuisoma. Nikasoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi, na ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho yanayostahili ni ubaguzi, alimradi marekebisho hayo hayamtwishi mwenye chuo mzigo uliopita kiasi. Nikakaa nikapiga hesabu ya mzigo wangu. Kugeuza uso: bure. Kuandika tarehe ubaoni: chaki. Kwenye Katiba yetu nikakuta ibara ya 13(6)(a), kwamba haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, ana haki ya kupewa nafasi ya kusikilizwa kikamilifu, na haki ya rufaa. Kusikilizwa. Nililitazama lile neno muda mrefu. Ule mchana wa pangaboi mbili walikuwa wamenisikiliza kweli, hakuna aliyejali kama mimi nawasikia.

Kabla ya kurudi chuo nilikwenda Dar kupimwa upya. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Daktari aliniandikia ugonjwa na namba: desibeli kadhaa kushoto, kadhaa kulia. Karatasi nzuri, lakini mkuu wa idara ya biashara atafanya nini na desibeli? Nikamuomba daktari aongeze sentensi moja ya kawaida. Akaandika kwamba siwezi kufuata maelezo ya mdomo bila kuuona uso wa anayesema kwa karibu na kwenye mwanga. Sentensi ile imenifanyia kazi kuliko zile namba zote.

Oktoba 2018 nikapeleka barua ya ukurasa mmoja kwa mshauri wa wanafunzi, kupitia kwa mkuu wa idara. Babu ndiye aliyenikalia kichwani tulipokuwa tunaiandika. YAH, kwa herufi kubwa: ombi la marekebisho kwa mwanafunzi mwenye usikivu hafifu. Nilianza kwa kusema kwamba nilijaza Hapana mwaka uliopita na nasahihisha taarifa hiyo. Nikaomba matangazo yote ya testi na mitihani yawe ya maandishi, ubaoni au kwenye kundi la wasapu la darasa. Mwalimu atumie kipaza sauti na asiseme akiwa ameangalia ubao. Nipewe slaidi kabla ya kipindi. Na kikao chochote kinachonihusu maswali yaandikwe. Hili la mwisho nililipigia mstari. Nakala mbili. Moja ikabaki masjala, nyingine nikaondoka nayo ina muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe. Nilitoka pale nimeishika kama cheti cha ndoa.

Wiki tano kimya. Nikaandika ya pili, mistari minne, inayoanza na "rejea barua yangu ya tarehe". Hiyo ilijibiwa ndani ya siku nne, wakakubali.

Sitasema kila kitu kilinyooka. Wahadhiri wawili walibadilika kabisa, mmoja alikuwa akijisahau anageukia ubao kisha anashtuka, anarudi, na darasa zima linacheka naye. Mwingine aliniuliza kama nataka upendeleo. Aliyenifaa kuliko wote ni CR wetu, mwakilishi wa darasa, ambaye hakuwa na wajibu wowote: kila tangazo aliliandika kwenye kundi kabla hajatoka ukumbini. Nikaja kugundua nusu ya darasa walikuwa wakilitegemea. Wale wa nyuma hawakuwa wanasikia tangu mwanzo.

Kisha ikaja Machi 2020, vyuo vikafungwa kwa korona. Tuliporudi Juni kila mtu ana barakoa. Barakoa kwangu ni mlango umefungwa. Uwasilishaji wa ripoti ya utafiti ulikuwa wa mdomo, watahini watatu, nyuso zimefunikwa. Niliwaonyesha nakala ya barua yangu kabla ya kuanza. Mmoja akaisoma, akarudisha, akanionyesha saa. Wakauliza. Safari hii sikuitikia kwa kichwa. Kila swali nilijibu hivi: "Sijasikia swali. Naomba liandikwe." Nilisema mara sita. Mikono ilikuwa inatetemeka chini ya meza. Waliniandikia alama za chini sana za kujibu maswali.

Jioni ile ile niliandika malalamiko. Ukurasa mmoja haukujaa: tarehe fulani tulikubaliana hivi, nakala nimeambatanisha, leo saa fulani imetokea hivi, naomba sehemu ya maswali irudiwe kwa maandishi. Homa na sufuria havikuingia. Nilikuwa nimeshajiandaa kwamba wakikataa nitakwenda Tume ya Vyuo Vikuu, na wakinyamaza nitakwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Haikufika huko. Siku ya tisa niliitwa, nikapewa maswali sita yamechapwa, nikayajibu kwa mdomo, maana mdomo wangu hauna shida.

Mtahini yule hakuitikia tena salamu yangu mpaka namaliza chuo. Hilo halina fomu.

Siku hizi nina duka la stationari Ngamiani. Dirisha la maombi ya mikopo likifunguliwa, foleni yangu inafika mtaroni. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Pongwe na kijana wake, mrefu, mpole, jicho moja ukungu na lingine linasoma karatasi ikiwa imegusa pua. Kidato cha nne na cha sita kasoma kwa maandishi yaliyokuzwa na muda wa ziada. Tukafika kwenye swali la ulemavu. Mama akawahi kuinama kwenye kioo cha kompyuta.

"Weka Hapana, dada. Watamkata mtoto."

Nikamwelezea kwamba kwa Bodi ya Mikopo ulemavu unamsaidia, ila unataka fomu iliyogongwa muhuri na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Hakushawishika. Anawajua watu, alisema, karatasi inasema hivi na watu wanafanya vile. Sikuwa na la kumbishia hapo. Nikasogeza mtandio wangu nyuma, nikamwonyesha sikio.

Akaliangalia. Kijana naye akasogea, akaweka uso karibu kabisa na shingo yangu mpaka nikahisi pumzi yake, akaiona ile mashine.

"Inalia?" akauliza.

"Betri ikikaribia kufa."

Tukaweka Ndiyo. Halafu nikamwambia bado hatujamaliza, kuna barua ya kwenda nayo chuoni siku ya kwanza. Niliichapa kwa herufi kubwa ili aweze kuihakiki mwenyewe, akaisoma yote akiwa ameinama, akanikosoa tarehe ya kuzaliwa. Kuchapa ni mia tano, nakala mia. Nakala ya pili sikumtoza.